Nani Atamwamsha Ghati

Jumatatu, 1 Julai 1957

Nyarero. Mvua hakuna. Ng'ombe wote wapo.

Leo tumempeleka mtoto kupimwa kliniki, kule Nkende. Tulipanda lori la kahawa: mimi, Felista mke wangu, Mama yangu mzazi, na Ghati, mwenye siku kumi na moja duniani. Ghati alilala tangu Nyarero, akalala njia nzima, akalala hata juu ya mizani. Nikajisifu kwa nesi kwamba mtoto wangu wa kwanza hana usumbufu.

Nesi Agustina hakusifu kitu. Alisoma mizani mara mbili. Ghati alizaliwa na ratili tano na nusu, yaani tano na wakia nane. Leo ana ratili tano na wakia mbili. Mtoto anapungua!

Nesi akasema tatizo ni usingizi huohuo ninaojivunia. Mtoto mdogo namna hii anasahau njaa. Akiachwa, analala. Akilala, hanyonyi. Asiponyonya, anakosa hata nguvu za kuamka. Kwa hiyo aamshwe kila baada ya masaa matatu, anyonye, apende asipende. Ametuandikia saa kwenye karatasi. Tarehe kumi na mbili turudi. Ikiwa hatakuwa amefikia uzito aliozaliwa nao, yeye na mama yake watapelekwa hospitali Musoma, na watakaa huko siku ngapi hawezi kusema.  Felista alimfunika mtoto upya, ingawa alikuwa ameshafunikwa.

Nikasema ndiyo, nesi, ataamshwa.

Mama hakubishana pale, maana habishani katika nyumba za watu. Alisubiri tufike kwetu. Ghati amepewa jina la bibi yangu mzaa baba, marehemu. Mama anasema mtoto mchanga akilala, mwenye jina lake huja kukaa naye. Kumwamsha mtoto ni kumfukuza marehemu, na marehemu huyo ni mama mkwe wake yeye Mama, ambaye hata alipokuwa hai hakuna aliyethubutu kumfukuza. Mama amezaa saba na hakuamsha hata mmoja. Mimi peke yangu niliamshwa mara moja, na mjomba aliyekuwa amelewa, ndiyo maana nikawa karani.

Nikasema ndiyo, Mama, hataamshwa.

Ndiyo mbili katika siku moja, kwa watu wawili, na hakuna aliyeuliza zaidi. Mtu asiye na akili angesema nimejitia matatani. Mimi nimeshaona njia. Mtoto ataamka bila kuamshwa na mtu.

Jumanne, 2 Julai

Mpango wa kwanza: ndama.

Ndama akitengwa na mama yake hulia. Ng'ombe naye hujibu. Hakuna mtu aliyemwamsha mtoto, ni mifugo imezungumza. Nikamtoa ndama wa ng'ombe mweupe, nikamfunga nyuma ya nyumba, chini ya dirisha la Ghati, saa tatu kasoro dakika tano. Saa ninayo. Ni saa ya mkononi, ya pekee katika mji wetu. Inachelewa dakika kumi kila siku, lakini najua inavyochelewa.

Ndama alilia vizuri sana. Ng'ombe mweupe akajibu. Zizi zima likajibu. Zizi la jirani likauliza kuna nini. Jirani hakuuliza. Alipiga yowe.

Niseme wazi kwamba hilo sikulifikiria. Ng'ombe wakilia wote kwa pamoja asubuhi, na mtu akionekana kainama nyuma ya nyumba kashika ndama kwa kamba, watu wa huku hawafikirii habari za kunyonyesha. Walifika wanaume kumi na mmoja na pinde. Wengine walikuwa wameshaweka mshale. Nikasimama mbele yao na ndama wangu mwenyewe, nikiwa mwizi wa ng'ombe katika boma langu mwenyewe. Mzee mmoja akaniuliza kwa upole kama nyumbani kwangu kuna shida. Nikasema ndama alikuwa na kikohozi.

Mtoto alilala moja kwa moja.

Baadaye, wanaume walipoondoka na Mama akaenda mtoni na ndoo, niliingia ndani nikakuta Ghati ananyonya. Felista akasema ameamka mwenyewe. Uso wa mtoto ulikuwa na maji, na miguu pia. Nadhani ni jasho. Kelele zilimfanyia kazi kwa ndani, polepole. Mpango umefaulu, isipokuwa upande wa majirani.

Jumatano, 3 Julai

Leo nimegombana na Benedicto. Benedicto ni karani mwenzangu kwenye ghala la kahawa. Mimi napima, yeye anaandika, kwa hiyo anajiona mkubwa wangu. Alikaa Kisii miaka miwili na hajamaliza kutusimulia.

Nilimwonyesha karatasi ya nesi. Sikumwonyesha ili anishauri, nilitaka aone tu kwamba mtoto wangu ana karatasi. Imeandikwa 3, 6, 9, 12, kisha tena 3, 6, 9, 12. Benedicto akaikagua kama hati ya mashtaka, akasema hizi ni saa za Kizungu. Manesi wote hufundishwa saa za Kizungu. Tatu ya hapa ni saa tisa alasiri. Nikasema Nesi Agustina ni mtu wa hukuhuku, tatu yake ni saa tatu. Akasema nitamwua mtoto kwa ujinga. Nikasema Kisii haikumfundisha kitu ila kuvaa soksi.

Wakulima walikuwa kwenye foleni na magunia yao. Wakagawanyika. Wanawake wengi walikuwa upande wangu. Mzee mmoja alisema mtoto anyonye akilia, akaulizwa na asipolia je, akarudi kwenye gunia lake. Kahawa haikupimwa. Mwisho tukamwita Mwalimu Selestine kutoka shuleni.

Mwalimu alichukua punje kumi na mbili za kahawa, akazipanga duara mezani. Akaanza na saa zangu, akaweka kidole kwenye punje ya tatu, ya sita, ya tisa, ya kumi na mbili. Kisha akasogeza saa sita mbele, kama anavyotaka Benedicto. Kidole kikaangukia punje zilezile. Akasema: "Mkizisoma Kizungu, mkizisoma Kiswahili, mtoto ananyonya wakati uleule. Naomba nirudi darasani."

Benedicto akatangaza kwamba kwa hiyo alikuwa sahihi. Nikawahi kusema kwamba mimi nilikuwa sahihi kabla yake.

Saa sita ilishapita tulipokuwa tunabishana. Nilikimbia nyumbani. Nilimkuta Felista anasinzia, na Mama amempakata Ghati, anampitishia unyoya wa kuku kwenye nyayo. Nikamwuliza anafanya nini. Akasema anafukuza nzi. Sikuona nzi. Ghati alipofumbua jicho, Mama akamwamsha Felista akamwambia mtoto kaamka mwenyewe, amnyonyeshe. Kisha akanitazama mimi, mura mzima (mura kwetu ni kijana wa kiume), akauliza kama huko kazini wamenifukuza.

Mama anaanza kuzeeka. Anaona nzi ambao hawapo.

Ijumaa, 5 Julai

Mpango wa pili: muziki.

Nimemleta Mzee Heche apige iritungu. Hii ni zeze kubwa ya kwetu, nyuzi zake zinatoa sauti nzito inayomfikia mtu tumboni kabla ya masikioni. Nikamwambia Mama ni kumbariki mtoto. Hakuna ubaya katika baraka. Mama alifurahi mno, akatengeneza uji wa wimbi na kuita mashangazi.

Mzee Heche alikaa kwenye kigoda mlangoni akaanza saa tisa kamili. Mlango ulitetemeka. Vibuyu vilivyotundikwa ukutani vilitetemeka. Kuku alitoka na vifaranga wake wote. Ghati alivuta pumzi ndefu, akageuza kichwa upande wa pili, akalala usingizi ambao sijawahi kuuona hata kwake. Shangazi mmoja naye alilala. Mama akasema mnaona, mwenye jina amefika, anausikia wimbo wake. Mashangazi wakacheza.

Benedicto alipita, kwa bahati tu, akanywa vikombe vitatu vya uji.

Nilimwomba Mzee Heche apige kwa nguvu zaidi. Akasema hajawahi kuombwa hivyo mahali penye mtoto mchanga, lakini mwenye nyumba ni mimi. Uzi ukakatika. Sasa anasema hawezi kuondoka mpaka apate mshipa wa ng'ombe wa kutengeneza uzi mwingine, na uji anausifu. Yupo mpaka sasa ninapoandika.

Jioni, wageni walipokuwa nje, Ghati alinyonya. Ameamka mwenyewe, Felista akasema. Uso umelowa tena. Mtoto huyu anatoka jasho sana. Nitamwuliza nesi.

Jumatatu, 8 Julai

Mpango wa tatu: mtoto kwa mtoto. Nashangaa sikuanza na huu.

Benedicto ana mtoto wa miezi minne, Nyamhanga. Mnene, shingo haionekani. Jana baada ya ibada Benedicto alimzungusha uwanjani kama fahali wa maonyesho, akasema huyu hajawahi kuamshwa hata siku moja, analia mwenyewe kila baada ya saa moja, mchana na usiku. Verdiana, mke wake, alikuwa amesimama nyuma yake macho mekundu. Nikapata wazo hapohapo.

Nikamwambia Verdiana amlete Nyamhanga kwetu leo, watoto wazoeane. Lengo langu: walazwe pamoja. Nyamhanga alie. Ghati aamke. Hakuna mtu mzima mwenye hatia.

Waliwekwa kwenye ngozi moja saa sita kasoro robo. Nyamhanga alimtazama Ghati. Akamgusa kwa kidole. Akapiga miayo. Akalala!

Alilala masaa matatu. Verdiana alikaa ukutani akalala naye. Alipoamka alilia machozi, akasema tangu mtoto azaliwe hajapata masaa matatu, akamshika Felista mikono yote miwili. Amesema atamleta kila siku. Mama alisimama mlangoni akakataza watu kupita, kwa kuwa sasa ndani kuna marehemu wawili.

Kwa hiyo hali ya leo ni hii. Nilikuwa na mtoto mmoja aliyelala. Sasa nina watoto wawili waliolala, mke wa Benedicto aliyelala, na Mzee Heche, ambaye anapenda kujinyoosha baada ya kula.

Jumatano, 10 Julai

Sina mpango leo.

Nilirudi mchana nikamwinua Ghati mwenyewe kwa mara ya kwanza. Wanaume wa kwetu hatuwashiki wakiwa wadogo hivi, lakini hakukuwa na mtu anayetazama. Kazi yangu ni kupima. Nikishika gunia najua kabla halijafika kwenye mizani. Mtoto nilimshika nikashindwa kujua chochote.  Naandika hivi kwa sababu daftari hili halisomwi na mtu: naogopa. Musoma ni mbali. Mwaka juzi mke wa jirani alipelekwa huko na mtoto wake, mama akarudi peke yake.

Jambo jingine. Sijawahi kuona macho yake vizuri. Nikiwa nyumbani analala, na akinyonya anafumba. Sijui hata kama ananijua.

Nikamrudisha. Kisha, nikiwa naelekea ghalani, mpango ukanijia wenyewe. Nashukuru Mungu kwa kichwa alichonipa.

Wakulima wetu wana ujanja mmoja. Kahawa ikiwa nyepesi, wanainyunyizia maji kabla ya kuleta. Wengine hutia kokoto katikati ya gunia. Nimewakamata miaka mitano na najua kila namna. Haijawahi kutokea karani wa mizani akatumia elimu hiyo upande wa pili. Ninachohitaji ni wakia sita tu.

Katika sanduku la Mama kuna bangili tano za shaba, za ujana wake. Nimezipima. Zinatosha na kuzidi.

Ijumaa, 12 Julai

Nitaandika yote kwa mpangilio.

Asubuhi nilijitolea kumfunga mtoto nguo mwenyewe. Felista alishangaa, akaniachia. Bangili mbili kiunoni, mbili miguuni, moja mgongoni, juu yake vitambaa vinne na blanketi. Kwenye lori Mama alimpokea akasema mtoto amekuwa mzito. Nikasema ndiyo, ameamua.

Nilichosahau ni kwamba gunia hupimwa na kahawa yake, mtoto hupimwa bila kitu. Nesi Agustina alipoanza kufungua blanketi nilimwambia kuna baridi. Akasema dirisha limefungwa. Nikasema desturi yetu hairuhusu. Akamtazama Mama. Mama akasema hajui desturi hiyo.

Bangili ya kwanza iliangukia sakafu ya saruji. Ikabingirika mpaka kwenye benchi la wanawake waliokuwa wanasubiri. Wakaipisha. Ya pili ikafuata. Nesi akaendelea kufungua, akihesabu kwa macho tu. Ya tatu, ya nne. Ya tano Mama aliidaka mkononi. Akaigeuzageuza. Akasema hii alivaa siku aliyoletwa kwa baba yangu.

Kisha Ghati akawekwa kwenye mizani, uchi, amelala.

Ratili tano na wakia kumi na nne.

Nesi akasoma tena. Akamtoa, akamrudisha, akasoma mara ya tatu, maana baada ya zile bangili hakuiamini hata mizani yake mwenyewe. Ratili tano na wakia kumi na nne. Amepita uzito wa kuzaliwa kwa wakia sita nzima! Felista alikaa chini, palepale sakafuni, akafunika uso kwa kanga. Mabega yake yalikuwa yanacheka na kulia kwa pamoja.

Nesi akauliza nani alikuwa anamwamsha.

 Nilikuwa natafuta namna ya kueleza habari ya ndama. Felista akawahi. Akasema ni yeye. Kila Mama akienda mtoni au kutafuta kuni, alimpangusa mtoto uso na miguu kwa kitambaa cha maji baridi. Alisema bila kumtazama Mama. Akasema Mama amsamehe, mtoto alikuwa anamwishia mikononi.

 Mama akasema ni yeye pia. Felista akisinzia, yeye alikuwa anachukua unyoya.

Nesi akasema watu wa Nyarero walimsimulia kwamba Mama ndiye anayekataza. Mama akajibu: "Nilikataza, nesi. Lakini nilimpakata nikaona ni mwepesi. Marehemu akikaa na mtoto sana, anaondoka naye. Nikamwambia mama mkwe, umekaa vya kutosha, sasa tuachie ale."

Akasema tangu aolewe hajawahi kumjibu mama mkwe wake neno, akiwa hai wala akiwa amekufa, na siku hizo alikuwa akimjibu mara tatu nne kwa siku. Felista alinyanyuka akamkumbatia. Wanawake wa kwenye benchi walipiga vigelegele. Mimi nilikuwa nimesimama karibu na mlango.

Nesi Agustina akatoa amri mpya, akatutazama mmoja mmoja, mimi mwisho na kwa muda mrefu zaidi. Mtoto ameshapata nguvu. Ataamka mwenyewe njaa ikimpata. Kuanzia leo asiamshwe na mtu yeyote, kwa njia yoyote. Aachwe alale mpaka aamke mwenyewe. Akatuuliza kama tumeelewa. Wanawake wakasema ndiyo. Nami nikasema ndiyo.

Habari ya ndama hakuna aliyeiuliza. Lakini mtu akihesabu vizuri, uzito ulianza kupanda Jumanne ile ile. Nimeamua kuwaachia wao sifa.

Jumapili, 14 Julai

Mzee Heche ameondoka na uzi mpya. Ng'ombe wote wapo.

Asubuhi Felista alikwenda kuoga. Mama alikuwa nyuma ya nyumba anachuma mboga. Wote wawili, kila mmoja kwa wakati wake, waliniambia nikae mlangoni na nisimguse mtoto. Mama aliniita mura, na aliponiita hivyo alininyooshea kidole. Nikawaambia mimi si mtoto mdogo.

Nilikaa mlangoni. Baadaye nikakaa ndani, maana jua lilikuwa kali. Baadaye nikakaa karibu, maana ndani ni giza. Ghati alikuwa amelala chali, mikono juu, kama mtu aliyemaliza kazi. Mashavu yameanza kutokea. Sikuwa na nia yoyote. Nilitaka tu kujua macho yake yamemfuata nani. Siku ishirini na nne ni nyingi kwa mtu kuishi nyumba moja na mwenzake bila kutazamana.

Sikumgusa. Nilimpulizia sikioni, kidogo tu.

Akafumbua macho. Yote mawili, kwa pamoja. Meusi, makubwa. Akanitazama. Hakuangalia dari wala dirisha, alinitazama mimi, muda mrefu, uso kwa uso, na mimi nikamwambia jina langu.

Kisha akalia kwa sauti ambayo sikujua anayo. Felista alifika akiwa na sabuni kichwani. Mama alifika na mboga. Niliwaeleza kwamba saa yake ya kunyonya ilikuwa imefika, kwa Kizungu na kwa Kiswahili.  Felista akampa titi, akalikataa, alikuwa ameshiba. Alichukua saa nzima kubembelezwa, na wamenifukuza mimi, mwenye nyumba, nikaandikie zizini.

Macho yake yamefuata ya kwangu. Nina uhakika karibu wote, ila mwanga haukutosha kwa jicho la kushoto.

Kesho asubuhi Felista ataoga tena. Nimepita kwa Benedicto nikamwambia kesho sitakuja ghalani, nina homa.